Mpishi Aliyefanywa Mkalimani wa Meli ya Kivita

Tangu nirudi, kila nikikaa kwenye kiti cha saluni ya Mama Chantal hapa Troyeville, Johannesburg, naulizwa habari za meli, na kila nikijibu kuna mtu anayezijua kuliko mimi. Mama Chantal ni mtu wa Uvira, Kongo, amenisuka nywele tangu nina miaka minne, na tayari amewasimulia wateja wake kwamba nilipambana na maharamia. Fundi cherehani wa mlango wa pili, Mrundi, amesikia kwamba nilipigwa risasi ya mguu, ndiyo maana nachechemea. Nachechemea kwa sababu nilijikwaa kwenye ngazi ya meli nikiwa nimebeba sufuria ya viazi.

Basi nimeona niandike mambo yalivyokuwa, nikabidhi karatasi saluni, anayetaka asome akisubiri zamu yake. Mimi ni mpishi. Nimekuwa mpishi wa jeshi la wanamaji la Afrika Kusini kwa miaka sita, na silaha niliyoishika zaidi ni upawa. Nimeandika kwa Kiswahili ili Wakongo, Warundi na Watanzania wote wasome bila kusomewa. Mama yangu, ambaye ni mtu wa Tanga, amekaa pembeni akinisahihisha ngeli, kwa hiyo mkikuta sentensi nzuri mjue ni yake.

Habari za fomu na mihuri nazipita, isipokuwa moja. Kabla ya safari tulijaza karatasi iliyouliza tunajua lugha gani. Kwenye Kiswahili nikaandika "fasaha". Mimi nimezaliwa Johannesburg. Kiswahili changu kilikuwa cha kuambiwa nioge, nile, nizime taa, na cha kusikiliza umbea saluni. Niliandika hivyo kwa sababu kulikuwa na nafasi tupu na kalamu ilikuwa mkononi.

Troyeville mpaka Durban

Mama aliposikia kwamba meli yetu itawekwa Pemba miezi minane, alilia kwa furaha. Mdogo wake wa kike ameolewa Pemba, mjini Wete, na hawajaonana tangu mimi sijazaliwa. Akanifungia mzigo: mablanketi mawili mazito na kilo tatu za nyama kavu ya halali kutoka Fordsburg. Na salamu, ambazo alizirudia mpaka nikazijua kwa moyo.

Basi la kwenda Durban liliharibika karibu na Harrismith. Tukashuka na kusimama kando ya barabara kwenye baridi, dereva akiita fundi kwa simu na fundi akisema yuko njiani, jambo alilolisema kwa saa tano. Mama mmoja wa kijiji cha jirani alikuja na ndoo ya magwinya, ambayo ni ndugu wa maandazi aliyekataa iliki. Nilikula sita.

Mzee wa Kizulu aliyekuwa kiti cha jirani aliona begi langu la jeshi akaniuliza nafanya kazi gani melini. Nikamwambia napika.

"Unapika, au unapiga mizinga?"

"Napika, baba."

Akafikiri kidogo. "Lakini unajua kuogelea."

Nikamwambia nilifaulu mtihani wa kuogelea. Sikumwambia kwamba nilifaulu mara ya tatu, na mara hiyo mwalimu alikuwa anatazama simu yake. Mzee akaninunulia gwinya la saba, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma.

Durban mpaka Pemba

Siku mbili za kwanza baharini sikupika kitu. Nililala kitandani nimekumbatia ndoo, na wenzangu wa jikoni walinipitia kwa zamu kuniuliza kama ningependa mayai ya kukaanga. Siku ya tatu niliamka, nikaosha uso, nikapanda kumwuliza baharia wa ramani tutafika Pemba lini, maana nina mzigo wa mama mdogo.

Akanionyesha kwa kidole. Pemba yetu ilikuwa mji wa bandari kaskazini mwa Msumbiji.

"Na Pemba ya karibu na Zanzibar?" nikauliza.

Akapandisha kidole juu, na juu tena. "Hiyo ni kisiwa. Hatuendi huko."

Mimi ni mtoto wa mtu wa Tanga. Nimevaa sare ya wanamaji miaka sita. Sikujua kwamba kuna Pemba mbili. Nilishuka jikoni nikafungua nyama ya mama mdogo, nikaikata vipande, na ule mlango wa bahari wa Msumbiji tuliumaliza tukitafuna.

Jioni ile kapteni akaniita. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, asiyepandisha sauti hata akikasirika, na hilo ndilo lililotutisha. Aliisoma ile karatasi ya lugha.

"Wewe ndiye Mswahili wetu wa pekee," akasema. "Hebu sema kitu."

Nikasema, "Karibuni chakula, osheni mikono."

Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akaandika jina langu kwenye ubao chini ya neno "mkalimani". Tangu siku hiyo nilikuwa mpishi asubuhi na mtaalamu mchana.

Pale Pemba tulikaa. Kazi yetu ilikuwa kutoka, kuzunguka maji siku kadhaa, kurudi, kujaza mafuta na mboga, kutoka tena. Siku za bandarini nilitumwa sokoni. Watu wengi wa mjini wanasema Kimwani na Kireno, ila wapo wauza duka waliotoka Mtwara, na kwao ndiko nilikojidai. Siku ya kwanza nilimwuliza mmoja kama soko la samaki lipo baada ya roboti ya kwanza au ya pili. Yule bwana aliacha kupima sukari.

"Roboti?"

"Ndiyo kaka. Ile ya barabarani. Nyekundu, njano, kijani."

"Dada," akasema taratibu, "mimi niko hapa mwaka wa tisa. Sijaiona. Lakini mji unakua."

Nilirudi melini nikampigia Mama simu, na ndipo nikajua kwamba neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote kuitia taa za barabarani ni la Johannesburg tu. Mama alicheka. Akauliza mama mdogo amepokeaje mablanketi. Nikasema mtandao unakatika.

Siku ya boti

Ilikuwa mwezi wa tano wa safari, asubuhi, bahari imetulia. Nilikuwa namenya vitunguu nilipoitwa juu haraka kwenye chumba cha usukani. Mbele yetu kulikuwa na boti la mizigo la mbao, injini imezimika, linazunguka polepole kama sinia. Lilikuwa limetoka upande wa Mtwara, limejaa magunia, na juu ya magunia walikaa watu. Kapteni aliwaita kwa redio kwa Kiingereza, baharia mwingine kwa Kireno. Wakajibiwa kwa Kiswahili.

Nikapewa kipaza sauti. Mikono yangu ilikuwa inanuka vitunguu, na watu wanane walinitazama kwa matumaini.

Sauti ya mwanamume ilikuja ikikatikakatika. "Hallo, hallo. Bibi yangu iko na uchungu tangu asubui. Tusaidie."

Wasomaji wa Uvira mmeshajua tatizo. Mimi, niliyelelewa na saluni ya Mama Chantal, nilipaswa kujua kuliko wote. Lakini nilitaka kuwa mtaalamu. Nilisikia "iko na" nikamsahihisha moyoni, nikasema angepaswa kusema "ana". Nikasikia "bibi" nikaitafsiri kwa Kiswahili cha Tanga. Na neno uchungu nilikuwa nalijua kutoka misibani tu, mtu akifiwa.

Nikamgeukia kapteni nikasema kwa Kiingereza kilichonyooka: "Anasema nyanya yake, mama wa baba yake au wa mama yake, ana majonzi tangu asubuhi."

"Majonzi," kapteni akasema.

"Ndiyo, kapteni. Makubwa."

"Mwulize huyo nyanya ana miaka mingapi."

Nikauliza. Jibu likaja wazi kabisa: "Ishirini na mbili."

Nikajiambia redio imekula neno. Hakuna nyanya wa miaka ishirini na mbili. Nikamwongezea sitini pale pale. "Themanini na mbili," nikamwambia kapteni.

Kapteni akasema niwape pole, tabibu atakwenda kumwona bibi, ila kwanza tujue watu ni wangapi na wamebeba nini. Ndivyo ilivyo kazi. Meli haiendi kichwa kichwa kwa boti isilolijua. Kama ningesema neno sahihi, utaratibu huo ungerukwa ndani ya dakika tano. Sikulisema.

"Kapteni anakupa pole kwa bibi yako," nikamwambia yule mtu. "Tunakuja. Mmebeba nini?"

"Kuja mbio," akasema.

Nahodha wao akachukua redio akaanza kutaja mizigo. Vitunguu nilivijua. Ndoo, magodoro, mabati, sawa. Kisha akasema magunia kumi ya choroko.

Sikujua choroko. Nikamwambia kapteni kuna magunia kumi ya kitu kinachoitwa choroko. Kwenye meli ya kivita, kitu kisichojulikana si kitu kidogo. Mabaharia wawili wakainua darubini. Nikaagizwa niulize choroko ni nini.

"Choroko ni choroko," nahodha akajibu.

"Zinatumika vipi?"

"Unazichemsha."

"Halafu?"

"Halafu unakula, dada. Wewe umetoka wapi?"

Tulihangaika na choroko kwa muda ambao leo nikiukumbuka nafunga macho. Mimi ni mpishi. Nimezipika mara nyingi, ila pakiti za Johannesburg huandikwa kwa Kiingereza. Tangu redio ya kwanza mpaka boti letu la mpira kushushwa majini, ilipita saa nzima na robo.

Tulikwenda mabaharia wanne, mimi, na Sipho, tabibu wa meli, kijana mtaratibu wa Pietermaritzburg. Sipho alikuwa amebeba mtungi wa oksijeni na kipimo cha presha kwa ajili ya moyo wa mtu mzima. Njiani aliniuliza nyanya mwenye majonzi anaambiwaje kwa Kiswahili. Nikamfundisha kusema "shikamoo".

Tulipopanda, wanawake watatu walikuwa wameshika kanga kama pazia nyuma ya magunia. Mwanamume mmoja mwembamba alinishika mkono. Huyu alikuwa Bahati, yule wa redio.

"Bibi yuko wapi?" nikamwuliza.

Akaonyesha pazia. Mimi nikajisogeza kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani, nikainama kidogo, nikaiambia ile kanga, "Shikamoo, bibi."

Ukatoka ukelele nyuma yake ambao hakuna nyanya duniani anayeweza kuutoa. Pazia likafunguka kidogo na mwanamke mnene wa makamo akatoa kichwa. Jina lake, nilikuja kujua, ni Bi Somoe, muuza samaki wakavu.

"Shikamoo ya nini?" akasema. "Kichwa kimeshaonekana."

Nikaelewa kila kitu kwa pamoja. Bibi ni mke. Uchungu ni uchungu wa kuzaa. Na ishirini na mbili ni ishirini na mbili.

Sipho aliniangalia. "Ulisema nyanya."

"Nilisema."

Akatupa kipimo cha presha kwenye begi akaanza kutafuta glavu. Lakini Bi Somoe alimzuia kwa mkono: mwanamume hapiti. Mzazi mwenyewe, Furaha, alisema kwa sauti iliyochoka kwamba hapana, asipite. Basi wakakubaliana hivi: Sipho asimame ametupa mgongo na kunielekeza, mimi nipite ndani niseme, Bi Somoe afanye.

Nilikuwa sijawahi kuona mtoto akizaliwa. Nilipiga magoti juu ya gunia la choroko, nikamshika Furaha bega, na maneno yakanikimbia yote. Sipho akisema mwambie apumue polepole, mimi nasema, "Hema, dada, hema kidogo kidogo." Sipho akisema sasa asukume, nasema, "Sukuma." Bi Somoe akasema, "Anasukuma tangu alfajiri, wewe mshike tu mgongo." Nikashika mgongo.

Mtoto akatoka, msichana, na kitovu kimemzunguka shingo. Hakulia. Alikuwa na rangi ambayo sitaiandika hapa, Mama amesema niiache.

Bi Somoe alikivuta kitovu kwa vidole viwili, akaondoa, akampangusa, akamgeuza. Kimya. Kisha yeye mwenyewe, aliyekuwa amekataa, akaivuta ile kanga pembeni akasema, "Mlete huyo mwanamume."

Sikuhitaji kutafsiri. Sipho alikuwa ameshapiga magoti. Akamlaza mtoto juu ya mapaja yangu kwa sababu hapakuwa na mahali pengine palipotulia, akawa anampulizia pumzi ndogo na kumbonyeza kifua kwa vidole viwili, akihesabu kwa Kizulu. Bahati alikuwa amekaa chini, ameziba masikio. Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine. Saa nzima na robo.

Mtoto akakohoa kwanza. Kisha akalia, kilio chembamba, cha hasira. Watu wakalia naye.

Kazi haikuisha. Damu ya Furaha haikukoma. Sipho akasema kwa Kiingereza, taratibu ili asimtishe, kwamba hii damu haipendi na tunaondoka sasa hivi. Furaha hakujua Kiingereza, ila alikuwa anamwangalia usoni.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Ningeweza kusema anasema mtoto mzuri. Siku ile nilikuwa nimeshasema ya kwangu ya kutosha. Nikamwambia, "Anasema damu ni nyingi. Tunakupeleka hospitali. Anajua la kufanya."

Hiyo sentensi ya mwisho Sipho hakuisema. Niliiongeza mimi.

Kurudi bandarini

Mabaharia wawili walibaki na boti watengeneze injini, sisi tukampandisha Furaha, mtoto na Bahati melini. Meli ilikimbia Pemba kwa saa nne. Furaha alilala katika chumba cha tabibu, amefunikwa mablanketi mawili mazito ya mama mdogo wa Wete. Bi Somoe alikataa kubaki botini, akaja na kikapu cha samaki wakavu, na harufu ile ilikaa kwenye meli ya kivita wiki nzima. Alipita jikoni akaonja wali wangu. Akaniuliza kama kwetu chumvi ni ghali.

Nilipanda kwa kapteni kabla hajaniita. Nilimweleza neno kwa neno: bibi, uchungu, miaka sitini niliyoiongeza. Nilisema pia kwamba niliandika "fasaha" na haikuwa kweli. Alinisikiliza amesimama, mikono nyuma.

"Ungeniambia hujui," akasema, "ningemtuma Sipho mara moja. Mtu asipojua, naharakisha. Wewe ulijua."

Akaandika kwenye kitabu cha meli. Alipofika katikati akaniuliza neno "uchungu" linaandikwaje. Nikamwandikia. Nilidhani nimeachishwa ukalimani. Kesho yake nikakuta karatasi imebandikwa kando ya redio, kwa mwandiko wake: bibi, uchungu, choroko, na maana zake, na chini yake, "Uliza mara mbili." Jina langu lilikuwa bado kwenye ubao. Mwingine hakuwapo.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali. Furaha alikuwa ameongezewa damu na amekaa kitandani, mtoto kifuani. Bahati alinipokea kama ndugu. Akanishukuru, akazidi kunishukuru, mpaka nikashindwa kuvumilia nikawaambia ukweli wote. Nilifikiri nikisimulia vizuri watacheka, kwa hiyo niliusimulia vizuri, pamoja na shikamoo yangu kwa kanga.

Bahati alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi ndiyo maana mulikuwa munauliza miaka," akasema. "Mi nilizani munataka kuandika ndoa."

Furaha hakucheka.

"Niliona meli yenu tangu mbali," akasema. "Nikasema sasa nimepona. Meli ikasimama. Nikawa naiangalia. Nikajiuliza, banangoja nini?"

Nikamwambia, "Walikuwa wananingoja mimi."

Kisha akanipa mtoto nimshike, akajigeuza upande alale, kwa kuwa alikuwa amechoka na kulikuwa na mtu wa kushika. Nilimshika saa mbili. Mkono wangu ulikufa ganzi, sikuthubutu kusogea.

Walikuwa njiani kuja kwetu, Johannesburg. Bahati ni fundi nguo, ana binamu Diepsloot aliyemwahidi nafasi. Akaniuliza maisha ya Johannesburg yakoje, na je, mtu asiyejua Kiingereza wala Kizulu anafikaje. Nikamweleza mazuri, nikamweleza na yale ya wageni kuchomewa maduka, kwa sababu nilikuwa nimeapa kutotafsiri vibaya tena. Alisikiliza yote. Akasema watakuja hivyo hivyo, ila mtoto akue kidogo.

Mtoto anaitwa Somoe. Mama Chantal, naomba uwaambie wateja. Haitwi Zuhura kama ulivyowasimulia.

Durban mpaka nyumbani

Miezi mitatu iliyobaki nilipika, nilitafsiri, na nilisema "sijui" mara nyingi kuliko neno lolote. Nilipata heshima kwa hilo, jambo lililonishangaza. Tuliporudi Durban basi halikuharibika. Niliteremka kituoni Johannesburg saa nane mchana, nikapanda teksi, nikamwambia dereva anishushe baada ya roboti. Akaelewa. Nilitaka kumkumbatia.

Mama alikuwa amepika wali wa nazi na samaki. Alisubiri nishibe, kisha akauliza habari za mdogo wake. Nikamwambia habari za Pemba mbili. Akauliza, "Na nyama?" Nikasema tumeila. "Na mablanketi?"

Hapo ikabidi nimweleze habari za Furaha, yote, tangu kipaza sauti mpaka hospitali. Nilipofika kwenye nyanya mwenye majonzi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawa anapiga meza. Nilipofika kwenye meli iliyosimama, akaacha.

Akaondoa sahani. Akaosha moja, akaosha ya pili. Kisha akasema bila kunitazama, "Mimi siku nakuzaa sikujua hata neno la Kiingereza, ila 'yes'."

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hii. Baba yangu, aliyefariki nikiwa mdogo, siku hiyo alikuwa kazini migodini, mbali. Mama alikuwa na miezi minne tu katika nchi hii. Alikwenda hospitali peke yake, kwa miguu.

"Nesi akauliza kitu, nikasema yes. Akauliza kingine, yes. Nadhani aliniuliza kama uchungu umeanza leo, nikasema yes. Akaniuliza kama ni jana, yes. Akaona nina wazimu. Akanionyesha benchi nikae."

"Ukakaa muda gani?"

"Sijui. Jua lilikuwa dirisha hili, likahamia dirisha lile."

Alikuwapo mfagiaji, akasema, mwanamume wa Malawi, aliyewahi kufanya kazi na Waswahili na kuokota maneno kumi hivi. Alimsikia akimwita Mungu kwa Kiswahili. Akaweka ufagio chini akaja kumwuliza, "Wewe mgonjwa tumbo?" Mama akamwambia mtoto anakuja. Yule bwana akaenda kwa manesi akawaambia kwamba mtoto wa huyu mama anakuja, yuko njiani, na mama anamngojea. Wakamjibu sawa, mwache angoje.

"Akarudi akaniambia nisiwe na wasiwasi, wamekubali," Mama akasema. "Nikapiga kelele. Akaenda tena, akasema vingine, navyo makosa. Alikwenda na kurudi mara nne au tano. Mwisho akamshika nesi mkono akamvuta mpaka pale nilipo. Nesi alikuwa anamfokea njia nzima."

"Kisha?"

"Kisha wakaona wenyewe. Wakanichukua. Wakataka kumfukuza, nikasema yes, yes, nikamwonyesha kwa kidole, wakamwacha asimame mlangoni. Alisimama pale ananipigia kelele maneno yake kumi, mengine hayahusiani. 'Maji.' 'Kesho.' 'Asante sana.' Mpaka ukatoka."

Akafuta mikono kwenye kanga. Nikamwuliza yule bwana aliitwa nani.

"Sikumwuliza," Mama akasema. "Nilikuwa nazaa."